Miguu kufa ganzi kwenye pikipiki: nilivyotibu mtetemo wa vikanyagio nikafika Same, na jambo la baba nililolijua njiani

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu ndani mimi ni msomaji wa miaka mingi, kuandika ndiyo huwa naona uvivu. Leo nimeona mdau mmoja kauliza kwa nini miguu yake inakufa ganzi akiendesha pikipiki safari ndefu. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona nifungue uzi kabisa.

Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe, sijapamba. Baba yangu yumo humu kwa kiasi kikubwa. Nimemuomba ruhusa, kakubali, sharti lake ni moja tu, nisitaje jina lake.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mwanamke, nimeshavuka arobaini, nafundisha fizikia sekondari moja huku Kibaha na nakaa Visiga. Naendesha pikipiki ya CC 200, silinda moja. Wale wa "mwanamke na pikipiki wapi na wapi" naomba mpite kimya kimya, uzi huu una mengi ya kusema.

Kwa asiyeendesha, pikipiki ya silinda moja ikifika spidi ya themanini inaanza kunguruma mpaka kwenye mifupa. Mikononi utavumilia, utabadilisha mshiko. Miguuni huna pa kukimbilia, maana nyayo zimekaa juu ya vile vyuma viwili, vyuma vimefungwa kwenye chasisi, na injini nayo imefungwa hapohapo.

Dakika ishirini unasikia kama sisimizi wanatembea ndani ya kiatu. Dakika arobaini husikii kitu.

Sasa nirudi nyuma, maana bila kurudi nyuma hamtaelewa kwa nini jambo hili lilinigusa.

Mapenzi ya pikipiki nimeyarithi kwa baba. Baba ni Mpare wa Same. Alikuja Kisarawe kijana kabisa akitokea chuo cha kilimo, akapangiwa ubwana shamba. Akapewa pikipiki ya ofisi, nyekundu, ya zile za zamani za kuchanganya oili na petroli, ekzosi inatoa moshi wa bluu. Alizunguka nayo Kibuta, Msimbu na huko ndani zaidi kwa wakulima wa korosho, mihogo na machungwa.

Kisarawe nzima walimwita Bwana Shamba. Hata marehemu mama alimwita hivyo akiwa amekasirika.

Likizo zikifika alinipandisha mbele, juu ya tangi, mikono yake ikinizunguka kushika usukani. Tulitoka asubuhi umande haujakauka. Nilijua tumefika wapi kwa sauti ya injini tu, kwenye mchanga inagumia, kwenye udongo mgumu inaimba. Baba alikuwa akisimama kwenye shamba la mtu, anakagua majani ya mkorosho, anaongea na mwenye shamba mpaka mimi nimeshakula chungwa la tatu. Wakati wa kurudi nalala kabisa, kichwa kimeegemea mkono wake.

Mpaka leo nikisikia harufu ya oili iliyoungua nashikwa na njaa, kwa sababu tulikuwa tunafika nyumbani wali ukiwa unaepuliwa.

Pikipiki ile ilikuwa na fundi wake mmoja tu, Mzee Shomari, gereji yake ilikuwa karibu na soko la Kisarawe. Baba na yeye walikuwa marafiki wa kutembeleana sikukuu. Mzee Shomari alikuwa na binti wa rika langu, Mwanaidi. Wazee wakiwa wamefungua injini, mimi na Mwanaidi tulikuwa tumekaa kwenye gunia tunapanga nati kwenye makopo kwa ukubwa wake. Yeye alikuwa anajua namba za spana zote kabla sijajua kusoma vizuri. Nilimwonea wivu.

Sasa kuna hadithi ya familia yetu ambayo kila mtu aliijua.

Nikiwa darasa la tatu au la nne, baba alimwandikia barua dada yake kule Same, shangazi Nakijwa, kwamba likizo yake atakwenda kumwona kwa pikipiki. Kisarawe mpaka Same kwa pikipiki, wakati ule. Shangazi akatangaza kijiji kizima. Akachinja jogoo, akapika makande sufuria kubwa, watu wakaja kumpokea mwenye pikipiki.

Baba hakufika. Siku ya pili alirudi nyumbani Kisarawe. Alipoulizwa alisema, "Nilifika Chalinze nikaona nirudi." Basi. Hakuongeza neno.

Hadithi hiyo ilimganda. Baba zangu wadogo walimcheka kila harusi, kila msiba. Kwetu mtu akianza jambo akaliacha tunasema kafanya "safari ya Chalinze". Mama ndiye alikuwa akicheka kuliko wote. Na mimi nilicheka, miaka zaidi ya thelathini. Baba alikuwa anatabasamu tu, anaangalia pembeni.

Alikwenda Same baadaye, kwa basi, mara nyingi kwenye misiba. Anazika, analala siku mbili, anarudi. Hakuwahi kukaa.

Baba alipostaafu tulihamia Visiga. Pikipiki ya ofisi ilirudi ofisini. Mzee Shomari alifariki, na sisi taratibu tukaacha kwenda Kisarawe.

Mwanzoni mwa mwaka huu shangazi akapiga simu, mimi ndiye niliyepokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yangu macho yangu yameanza kuona ukungu. Kama ana nia ya kuja, aje nikiwa bado namtambua."

Nikampa baba ujumbe. Baba ana kisukari, miguu inamvimba akikaa muda mrefu, na tangu mama afariki amekuwa mtu wa kukaa barazani tu. Akasema, "Nitaona." Mnaomjua mzee wa Kipare mnajua "nitaona" maana yake ni hapana.

Nikamwambia, "Basi nitakwenda mimi kwa niaba yako. Shule zikifunga. Nitakwenda kwa pikipiki."

"Panda basi," akasema.

Nikacheka. "Usiogope baba, mimi sifanyi safari ya Chalinze."

Hakucheka. Alichukua fimbo yake akaingia ndani. Nikajua nimekosea, ila sikujua nimekosea wapi.

Jumamosi moja asubuhi nikatoka kufanya majaribio. Mpango ulikuwa Visiga mpaka Chalinze na kurudi, nione mwili unasemaje. Mpaka wakati huo pikipiki yangu ilikuwa ya kwenda kazini na sokoni, sikuwahi kuipeleka mbali.

Mlandizi nikapita vizuri. Baada ya hapo barabara ikafunguka nikaenda themanini, upepo mzuri, nikawa najiona mimi ndiye mimi. Sisimizi walianza kutembea kwenye kiatu, nikawapuuza.

Kabla ya kuingia Chalinze nikakuta malori yamepunguza mwendo, foleni. Nikakanyaga breki ya mguu.

Hakuna kitu.

Nikakanyaga tena kwa nguvu. Hakuna. Nikaangalia chini, kiatu changu hakipo kwenye breki. Kimekaa pembeni kabisa, kinasukuma kava la injini, na mimi nilikuwa na uhakika wote duniani kwamba nimekanyaga breki. Mguu ule haukuwa wangu tena.

Nikabana breki ya mkono. Tairi la mbele lilisimama likiwa chini ya mkia wa semi, naona mpaka kutu ya bampa. Nikashusha mguu nijiegemeze, mguu ukajikunja kama kitambaa, mimi na pikipiki tukalala upande taratibu kabisa mbele za watu.

Utingo wa lile semi akashuka kunisaidia.

"Mama, ulikuwa umelala?"

"Sikulala," nikamwambia. "Sina mguu."

Alinitazama kwa mashaka, akaniinulia pikipiki. Mama mmoja muuza nyanya akanipa ndoo ya kukalia. Nilikaa pale nusu saa napiga nyayo chini mpaka damu ikaanza kurudi, na wenye kuijua hiyo hali mnajua inavyochoma. Nikarudi Visiga mwendo wa hamsini, pembeni mwa barabara, napitwa hata na guta.

Baba alikuwa barazani. Aliona mchubuko kwenye tangi kabla sijazima injini.

"Umefika wapi?"

"Chalinze," nikasema. Nikasubiri acheke. Ilikuwa haki yake.

Hakucheka. Aliniuliza, "Mguu gani?"

Wakuu, sikuwa nimemwambia chochote kuhusu mguu.

"Wa kulia," nikasema.

"Wa breki," akasema. "Kaa chini."

Ndipo akanieleza. Siku ile hakuishia Chalinze. Alipita Chalinze, akashika njia ya Segera, akaenda mpaka kwenye mteremko wa mto Wami. Wenye umri wanalikumbuka daraja la zamani la Wami, jembamba, mteremko mkali pande zote mbili, ukikuta gari limeshaingia darajani unasubiri upande wako. Baba anashuka, basi limeshaingia darajani linakuja. Anakanyaga breki, mguu haupo. Ulikuwa umekufa ganzi tangu mbali huko, yeye akadhani ni uchovu tu.

"Nilichagua ukingo," akasema. "Kulikuwa na tuta la mchanga upande wa kushoto, nikaliendea hilo. Nilikuwa na gunia la machungwa nampelekea dada. Yote yaliporomoka. Niliyasikia yanadunda kuelekea mtoni, mimi nimelala chini nayahesabu. Abiria wa lile basi walishuka kuniinua. Nilichubuka magoti na viwiko, basi. Mungu alikuwa hajanitaka."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakusema.

"Nakijwa aliuza mbuzi wake wote nikasome chuo. Wote. Mimi nikataka aone ile hela imegeuka nini, imegeuka pikipiki nyekundu. Sasa nikamwambie nilitaka kufa kwa ajili ya kujionyesha? Angebaki na hiyo picha. Nikaona afadhali anione mwoga."

Nilimsogezea viatu vyake nikaingia ndani kupika, na kule jikoni nililia kidogo, siwafichi.

Kesho yake akaniambia, "Kama bado unataka kwenda, hiyo pikipiki ipeleke Kisarawe. Kwa Shomari."

"Baba, Mzee Shomari alishafariki."

"Najua alishafariki, nilimzika. Peleka kwa binti yake."

Hapa nikiri upuuzi wangu. Sikwenda mara moja. Mimi ni mwalimu wa fizikia bwana, nafundisha mitetemo kidato cha nne, niende kwa fundi kufanya nini. Nikachukua ndala za sponji, nikakata vipande, nikavifunga juu ya vikanyagio kwa mipira ya tyubu. Nikajiona mtaalamu.

Kufika Mlandizi sponji moja imeshageuka iko chini, ya pili inateleza, kiatu kinaondoka chenyewe kila nikipita kwenye tuta. Msifanye hivyo. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kisarawe.

Mji umekua, ila ukishatoka kwenye lami harufu ni ileile, udongo mwekundu na moshi wa kuni. Gereji ipo palepale, imejengwa kwa tofali sasa. Mwanamke mwenye ovaroli juu ya gauni, ushungi kaufunga nyuma, alikuwa ameinamia tairi. Nikasalimia, akaitikia bila kuinua kichwa, akaniuliza shida. Nikasema mtetemo wa miguuni, nataka kwenda Same.

Akainua kichwa. Akaniangalia mimi, akaangalia pikipiki, akaniangalia tena.

"Binti Bwana Shamba?"

Hatukukumbatiana kama kwenye sinema, alikuwa na grisi mpaka viwikoni. Alinigusa begani kwa kiwiko akacheka, akasema nimenenepa. Nikamwambia na yeye pia. Tukakaa tukaongea karibu saa nzima, watoto wangapi, nani kafariki, nani kahamia wapi, ndipo akaifuata pikipiki.

Sasa wakuu wa ufundi sogeeni hapa.

Kwanza aliipandisha kwenye stendi ya kati. Akaniambia nivue viatu nikae juu, nyayo tupu kwenye vikanyagio. Akawasha, akawa anaongeza mafuta taratibu.

"Niambie unapoanza kuwashwa."

Mwanzoni hakuna kitu. Akaongeza, ikafika mahali vile vyuma vikaanza kuimba, nikaruka.

"Hapo," nikasema.

Akaongeza zaidi, ukapungua. Akapunguza kidogo, ukarudi. Akasema mwendo ule wa injini ndio ule ninaokwenda nao barabara kuu, ndiyo maana kwenda kazini sikuwahi kuusikia. Mimi jambo hilo nalichorea wanafunzi ubaoni kila mwaka, kwamba kila kitu kina mtetemo wake kinaoupenda, ukikipatia huo kinacheza chenyewe. Sikuwahi kulisikia kwa unyayo.

Pili alichukua spana akapita kwenye bolti zote zinazoshika injini kwenye chasisi. Ya nyuma chini ilizunguka karibu mzunguko mzima. Aliikaza huku akinitazama. Nilikuwa natembelea pikipiki ambayo injini yake inacheza, naweka sponji miguuni.

Cheni aliikuta imekazwa kupita kiasi na gurudumu la nyuma limekaa upande, akalinyoosha.

Kisha akabadilisha ile gia ndogo ya mbele inayovuta cheni, akaweka yenye jino moja zaidi. Faida yake, kwa spidi ileile injini inazunguka kidogo pungufu, kwa hiyo ule mwendo mbaya unausogeza mbali na spidi yako ya safari. Hasara yake mlimani inachoka mapema, unarudi gia moja. Nilikubali.

Vikanyagio vyenyewe alivifungua. Mahali vinapokutana na chasisi akakata bushi za raba kutoka kwenye mounting, yaani raba inayobeba injini, ya gari dogo lililokufa, akaziweka katikati ili chuma kisiguse chuma. Juu akafunga raba nene kwa bolti. Na chini ya kila kikanyagio akaning'iniza kipande cha chuma kizito, kama ngumi ya mtoto, akakaza kwa nati mbili.

"Kitu chepesi kinatetemeka haraka," akasema. "Kizito kinachelewa."

Mwisho akafanya kitu ambacho nisingekifikiria. Raba zimeinua unyayo wangu, kwa hiyo akapandisha pedeli ya breki na ya gia zifuate. Akaniambia nikae, nifumbe macho, nitafute breki kwa mguu. Mara kumi. Nikikosa anarekebisha.

"Watu wakiweka raba wanasahau hii," akasema. "Mguu uko mzima lakini breki imehama."

Nikamuuliza habari ya vile vyuma vizito kaitoa wapi.

"Kwa marehemu baba. Alimfungia Bwana Shamba kama hivi."

"Lini?"

"Ule mwaka alioanguka Wami."

Nikamwangalia. "Kumbe wewe unajua."

"Nilikuwepo alipoileta. Baba aliniambia jambo hili tusiliseme, sikulisema." Akafuta spana, akairudisha mahali pake. "Alitaka kwenda tena, miguu ilikuwa haisumbui. Mama yako akaja hapa mwenyewe. Akamwapisha mbele ya baba kwamba pikipiki haitavuka Chalinze tena akiwa yeye hai. Alilia sana siku ile."

Mama yangu huyo ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Nilirudi nyumbani nikiwa namfikiria. Alikuwa anacheka kwa sauti ili mtu yeyote asiulize swali la pili.

Kabla ya kurudi nilipitia Kibuta kuijaribu pikipiki. Mashamba mengine yamekuwa viwanja, mengine yapo. Nilisimama mahali palipokuwa na michungwa ya rafiki yake baba, sasa kuna nyumba ya bati la rangi na watoto wanacheza. Mzee mmoja mwenye jembe akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia zamani nilikuwa napita hapa na Bwana Shamba. Akaniuliza, "Yule wa moshi wa bluu?" Akaomba nimsalimie, akaniambia mikorosho aliyopewa na baba bado inazaa. Nilimpelekea baba salamu hizo kama zilivyo.

Wiki iliyofuata nikafanya majaribio Visiga mpaka Chalinze na kurudi. Mtetemo haujaisha, nisiwadanganye, silinda moja ni silinda moja. Ila umekuwa kama kitu kinachoongea chumba cha pili. Nilishuka nikasimama kwa miguu yangu.

Shule zilipofunga nikaondoka baada ya swala ya alfajiri ya majirani zangu, kumeshapambazuka. Nilijiwekea sheria ya kusimama kila saa moja, nivue viatu, nitembee, hata kama sijisikii vibaya. Viatu vyenyewe nilinunua vya soli nene, na ndani nikaongeza soli nyingine.

Nilipokaribia Wami nikasimama pembeni. Siku hizi kuna daraja jipya, pana, unapita bila kuwaza. La zamani unaliona pembeni. Nikajaribu kutafuta lile tuta la mchanga, vichaka vitupu. Nikampigia baba.

"Uko wapi?"

"Wami."

Nasikia kuku wa jirani kwenye simu.

"Mguu?"

"Nausikia wote, baba. Mpaka kidole cha mwisho."

"Haya," akasema. "Usisimame sana hapo, malori hayaoni." Akakata.

Mkata, Segera, Korogwe, Mombo. Milima ya Usambara upande wa kulia, mikonge upande wa kushoto, jua la mchana. Kuna vipande vya barabara pale ambavyo niliimba ndani ya helmeti. Niliingia Same alasiri, nikauliza njia ya kupanda kijijini, nikapanda kwa gia ya pili kama Mwanaidi alivyonionya.

Shangazi alikuwa ametoka mpaka barabarani. Alikuwa amesikia injini tangu huko chini. Aliigusa pikipiki kwanza, kabla yangu, akapapasa tangi, usukani, kiti, maana macho kweli yamemwisha. Kisha akanishika uso.

"Baba yako alikataa kuja," akasema. Hakuwa anauliza.

Nilikuwa nimemuomba baba ruhusa ya kusema. Alikuwa amenijibu, "Ukiona inafaa." Nikakaa na shangazi kwenye benchi, helmeti mapajani, nikamweleza Wami yote. Ganzi, basi, tuta la mchanga, machungwa. Na habari ya mbuzi.

Akaniambia nimpigie baba.

Waliongea Kipare, chao cha zamani, mimi naambulia neno moja moja. Shangazi alianza kwa kufoka, sauti ilipanda mpaka majirani wakachungulia. Kisha akashuka. Kisha akawa anasikiliza tu, anaitikia. Mwishoni aliongea Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili na mimi nisikie.

"Mbuzi walikuwa wangu," akasema. "Nilijua nawauzia nini. Wewe njoo tu, hata mikono mitupu."

Nilikaa siku nne. Kurudi nilirudi salama.

Wiki mbili baadaye baba akaniambia nimkatie tiketi ya basi, siti ya mbele, ya kunyoosha miguu. Nilimsindikiza mwenyewe, tukishuka kila basi lilipoegesha atembee kidogo. Alisema anakwenda kwa wiki moja.

Sasa hivi ninavyoandika ana mwezi wa tatu kule. Asubuhi anamsomea shangazi, mchana anakagua migomba ya majirani na kuwagombeza wanavyoipanda. Juzi nimempigia kumuuliza anarudi lini, akasema yuko shambani, nimpigie baadaye.

Kwa mdau aliyeuliza na wengine wenye tatizo hilo, nilichojifunza ni hiki. Usianze kwa kununua raba. Anza na bolti za injini, kisha cheni, kisha ujue ni mwendo gani wa injini unaokuumiza, ndipo uje kwenye vikanyagio. Na ukishaweka raba, rekebisha pedeli ya breki siku hiyohiyo. Mguu ukianza sisimizi, simama. Hiyo ya kusema ni uchovu tu ndiyo iliyomlaza baba mchangani.

Wazoefu wa Morogoro, Iringa, Arusha na kwingine, wekeni na mbinu zenu hapa, hasa wenye silinda moja kama mimi. Mikono bado inanisumbua kidogo, mwenye dawa ya usukani namsubiri.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee mnayemcheka kwa jambo moja kila mkikutana, mkalie pembeni siku moja umuulize vizuri, mkiwa wawili tu. Akikujibu na ukaona si siri, njoo utusimulie.